Mgosi wa Posta na Kilima Chetu

Dar es Salaam,
Jumamosi.

Mke wangu, Mama Hoza,

Habari za Mlalo? Baridi imepungua? Mgongo wa mama unaendeleaje, na Hoza ameacha kukohoa? Mimi mwili mzima. Moyo ndio usiniulize.

Hapa posta kumechafuka. Meneja mpya ametuamuru sisi tunaochambua barua tuvue mashati kila tukitoka kazini, tupekuliwe kama wezi. Wazee wenye wajukuu wanavua! Kamati ya wafanyakazi ilimwendea, akaifukuza ofisini. Jana tukakusanyika uwanjani tuamue: tugome au tuvumilie? Watu wakatazamana. Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wangu. Weee! Wakanibeba juu juu, "Mgosi! Mgosi!", maana neno letu wamelizoea. Jumatatu meneja akikataa tena, tunagoma, na huenda nikafukuzwa kazi.

Wanadhani mimi shujaa. Shujaa wapi! Nilikuwa nawaza barua yako: "Mgosi wa posta huniletea barua mpaka nyumbani, hunisomea, na juzi alinisaidia kupalilia maharage." Na mwandiko ni wake mwenyewe, anajisifu kwa kalamu yake! Ati mgosi. Najua kwetu kila mwanamume ni mgosi. Lakini nilidhani kinywani mwako mgosi ni mmoja.

Tena mimi ni mtu wa posta. Barua za Mlalo hutiwa kwenye sanduku la misheni, mwenyewe akazifuata. Sijaona kanuni ya kupanda kilima mpaka barazani kwa mke wa mtu, sembuse kushika jembe! Nikasema moyoni, barua zikisimama, huyu atapanda kwa kisingizio gani? Ndipo mkono ukaenda juu. Nina wivu, sikatai.

Mpe mama shikamoo yangu. Msalimie baba mdogo seremala, na dada yangu muuguzi akija kutoka Bumbuli. Nawe nenda kwenye kisomo cha watu wazima, nakuomba.

Barua hii naitia mwenyewe kwenye mfuko wa Lushoto, labda ya mwisho kabla hatujagoma. Kwa hiyo namjua anayekusomea. Ndugu Yohana, mgosi wa posta, salaam. Usiruke mstari, mama yangu anakusikiliza. Ukifika mstari huu, mkabidhi mke wangu karatasi yake, ushuke kilima. Maharage yaache. Nikifukuzwa, nakuja kuyapalilia mwenyewe.

Mgosi wako, wa pekee,
Baba Hoza