Kovu Juu ya Jicho la Morani

Kitengela

Mjukuu wangu Lemayian,

Sopa. Huku tuko salama, ni magoti yangu tu yamekataa ngazi. Mama yako amehamishiwa kazi Kajiado mjini, kwa hivyo siku nyingi niko peke yangu na kuku.

Umeniuliza vile utamaliza kupaka rangi wale askari wako wadogo mia mbili wa plastiki, wale wa vita vya zamani, kabla ya siku ya mchezo, na mkono umeshachoka. Nikiwa msichana nilifanya kazi kama hiyo Kajiado, kwa karakana ya vinyago vya watalii. Tulikuwa tunapanga morani wa mbao mstari mrefu. Shuka nyekundu kwa wote kwanza, halafu nywele, macho mwisho. Usimalize mmoja mmoja, utakonda.

Siku moja mwenzangu Nasieku akasimamisha brashi juu ya morani mmoja. "Huyu ni ndugu yangu kabisa," akasema. Ndugu yake alikuwa amezikwa mwezi huo. Akamchorea yule morani kovu dogo juu ya jicho, kama la ndugu yake.

Msimamizi akaliona. "Futa hiyo. Wote wafanane."

"Huyu simfuti."

Nasieku akamfunga yule morani kwa leso, akatoka naye, na kazini hakurudi tena.

Mimi niliinama nikaendelea na mstari. Jioni nilijaribu kukumbuka sura moja tu kati ya zile nilizopaka, nikakosa.

Wapake haraka, vile nimekuambia. Lakini ukifika kwa mmoja na mkono ukakataa kuharakisha, mwache akucheleweshe.

Koko wako