Yaya, nilikula kuku yabo

Yaya Feza, dada yangu mukubwa,

Hapa Nchelenge batoto beko bazima. Mimi ndio si muzima sana. Nilitaka kukuelezea vizuri, kwa mupango, lakini kichwa inakataa, basi nasema tu: Kabwe, bwana yangu, amerudilia kunipiga. Na weye hauko.

Alikuwa anakuogopa. Ulikuwa unaingia bila hodi na beseni yako ya chisense, tule tusamaki twako twa kuuzisha, unaikalia kiti yake, unamuuliza, "Shemeji, mudogo yangu amekukosea nini leo?" Unamuangalia mupaka anatoka inje. Mimi nachekea jikoni, nazania ni masihara yako. Kumbe ulikuwa unanilinda.

Matanga yako iliisha, akaanza. Juu ya chumvi. Juu ya mutu wa kuuzisha samaki amenisalimia. Batoto bamejifunza kula haraka na kutoka kwenda kwa jirani. Halafu akanitupia mbabula, ile jiko ya makala, na moto ndani, mukono wangu ukaungua. Hapo bazee ba kwabo balikuja kutoka Mofwe kukata maneno. Balisema amekosa, alete kuku. Kuku nilipika mimi, na ule mukono. Firigisi balimupa yeye, bwana wa nyumba. Tukala sahani moja, muzee akasema, "Maneno imekufa. Mwenye kuifufua ni mulozi."

Haikupita muda, akanikaba shingo. Yaya, sikuenda popote. Nilijiambia, ulikula, utasema nini tena? Na koti, kwa hakimu, nilizania ni mambo mawili tu, kuachana ao kufungwa. Sitaki baba ya batoto afungwe. Tena sheria ya Zambia, mimi mutu wa Congo, nani atanisikiliza?

Mama Odia, ule mujane wa kanisa yetu, aliona shingo yangu. Alinishika mukono ule muzima, tukaenda polisi, kwa meza ya maneno ya nyumba. Mama polisi aliandika, akanituma kiliniki baandike na bo. Mimi na haya yangu nikamuambia nilikula ile kuku. Hakucheka. Alisema, "Mama, kuku ilikuwa ya familia. Koti haikukula."

Akanifungulia masikio. Naweza kuomba kwa hakimu amri ya kunilinda: asiniguse, asinitishe, hata atoke mu nyumba kwanza. Kama hatari iko karibu, hakimu anaweza kutoa amri ya muda bila kungoja kumusikiliza Kabwe. Ndoa haivunjike juu ya ile. Akiivunja amri, hapo ndipo banamukamata. Kumushitaki juu ya kunipiga ni kesi ingine, na kuachana ni kesi ingine tena, kwa koti ya ndoa za kimila, siku nikitaka mwenyewe. Na Ukongomani wangu hauzuie kitu. Nililia pale, Yaya, juu ya hasira. Miaka yote hii, hakuna mutu alituambia.

Sasa niko nalala na batoto kwa Mama Odia. Ile amri niliiomba, kesho nasimama mbele ya hakimu. Bazee bametuma neno: niondoe ile kesi, ao batoto batabeba laana. Naogopa. Na haya kubwa ni hii, bado namupenda. Kabwe akicheka, bado ni ule Kabwe niliyekuonyesha kwa mara ya kwanza.

Hata weye, ukinifukuzia yeye kwa macho, ulikuwa unaniambia, "Shipikisha, vumilia, maneno ya nyumba ibakie mu nyumba." Nisamehe, ao usinisamehe. Kesho naitoa inje yote, mbele ya batu sibajue, na sauti yangu mwenyewe.

Lala muzuri, mwana wa mama yangu. Najua uko peke yako kule, na nilikuwa nasemaka nitakufuata haraka. Ile neno naifuta. Nitazeeka hapa, meno itaisha, nitabalea bajukuu. Utaningojea sana, Yaya.

Mudogo yako,
Riziki