Vidonge Tulivyogawana Ilula

Wifi Semeni,

Kamwene. Neema wako ameanza kukojoa moto. Nakwambia hilo kwanza kwa sababu ndilo linaloninyima raha. Tangu tukuzike, binti yako ndiye anayekaa kwenye meza yako ya nyanya, na hospitali hataki kusikia. "Shangazi, nikienda watasema kama mama yake."

Maana hapa barabarani umeshakuwa mke wa madereva wote wa malori. Mama Jeni wa vitunguu alikula wali wa msiba wako huku ananong'ona, "Gono hilo, msitudanganye." Mdomo ule nao ungepelekwa maabara! Nilimsikia vizuri, wifi. Nikaendelea kupakua.

Majibu ya vipimo walivyokuchukua hospitali Iringa kabla hujafa yalitoka siku nne baada ya mazishi, nikayafuata mwenyewe. Maabara walikuwa wameuotesha mkojo wako waone vijidudu gani vitakua, wakakuta E. koli, bakteria wa utumbo mkubwa, wanaotoka na kinyesi. Hao ndio waliopanda mpaka kwenye figo, wakaingia kwenye damu. Kinyesi, wifi! Wewe uliyekuwa unafuta nyanya mojamoja kwa kanga kabla ya kuzipanga kwenye ndoo.

Choo cha stendi unakikumbuka. Maji hakuna, funza wanapanda ukutani, mlango umeshikwa na kamba. Kwa kinyaa tukakubaliana tusinywe maji tangu asubuhi, tubane mpaka mabasi yapungue. Ukikunja miguu nakutania, "Wifi, pipa limejaa." Tunacheka. Wajinga sisi, kumbe mkojo uliobanwa ndio unaowalea hao bakteria.

Ulipoanza kuungua nikafanya kama tunavyofanyiana wote pale mezani, nikatoa rangi mbili zangu zilizobaki, vile vidonge vya kuua bakteria. Vinne kwako, viwili kwa mama wa mahindi, viwili nikaweka akiba. Ukapata nafuu siku mbili, ukanisifu mbele za watu, "Wifi yangu daktari kabisa." Nikajivuna! Daktari wa kweli, yule aliyenipa majibu yako, aliniambia dozi ya kugawana inaua bakteria wanyonge tu, wale sugu wanabaki na kuzaana. Na homa ilipokushika, kiuno kikakuuma, ni mimi niliyesema ni uzito wa ndoo, utapoa. Najichukia.

Ndiyo maana nilinyamaza msibani. Ningesema ulichougua, wangeuliza nani alikutibu. Nikaona heri uchafuke wewe kuliko mimi. Nisamehe kama unaweza, na kama huwezi ni haki yako.

Lala salama, wifi. Kesho asubuhi, mbele ya meza zote, Mama Jeni akiwepo, nitayasoma majibu yako, kisha nitamwambia Neema ni mkono gani uliompa mama yake vile vidonge. Akinitemea mate nitajifuta. Tutakwenda hospitali hatusemeshani, lakini tutakwenda.

Wifi yako,
Tumaini