Picha Haionyeshi Kitu

11 Januari 2016

Dada,

Shikamoo. Nilifika salama na sijambo, ila maua yangu niliyakuta yamekauka yote. Natumaini nyote mnaendelea vizuri. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu chumba chako na cha Mama vimetenganishwa na pazia tu, na haya sitaki ayasikie.

Ni kuhusu mgongo wake. Uliniona nikiishikilia ile picha ya eksirei dirishani. Kazi yangu ni kupiga picha hizo kutwa nzima, huu mwaka wa sita. Pingili za uti wa mgongo wa Mama zimepangana vizuri, hakuna ufa, hakuna iliyosagika. Picha haionyeshi kitu. Kumsugua kila siku baada ya chakula cha mchana ni kumdekeza, na ukimpa mtu mkono kila anapoguna, ataguna zaidi. Kumbuka siku bomba la mvuke lilipopasuka kule kiwanda cha kufulia mashuka alikofanya kazi Mama. Aliungua mkono mzima, bado akamburuta mwenzake hadi nje, na hakusema hata "ah" mpaka alipofika nyumbani. Mtu huyo akitaka kuvumilia anaweza.

Kwa hiyo acha kumsugua. Akilalamika, mpe kazi ndogo ya mikono. Atanuna wiki mbili, kisha atazoea.

Mdogo wako


3 Machi 2016

Mdogo wangu Profesa,

Marahaba. Sisi wazima, ukiondoa mafua yangu ya vumbi la vitambaa. Nina sare mia mbili za shule za kushona na cherehani inakata uzi kama ina ugomvi nami.

Nimefanya ulivyoagiza. Siku ya kwanza tulipomaliza kula, Mama alikaa kwenye kigoda, akanigeuzia mgongo, akapandisha blauzi akasubiri kama kawaida. Nikamwambia mwanao msomi amekataza, picha yako ni safi. Kisha akaishusha blauzi na kuniuliza kama nina kazi yoyote ya kumpa. Sasa ananishonea vifungo.

Sikupenda, nakwambia wazi. Lakini mimi ni fundi cherehani, wewe ndiye unayeona ndani ya watu. Ile picha ameniomba, ameiweka chini ya godoro. Sijui anaitakia nini.

Dada yako


20 Septemba 2016

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Huku hatujambo. Umeshinda, Mama halalamiki tena. Shoga zake wa kiwandani, wale wanaomwita Mama Pasi, walikuja kumwona na kumuuliza hali ya mgongo. Akawaambia umepona, ana mtoto mtaalamu. Walikusifu sana.

Ila siku hizi anatembea kwa kushika ukuta. Na mambo mengine pia haongei. Zamani ungemlipa anyamaze. Nilidhani utapenda kujua.

Dada yako


14 Juni 2017

Dada,

Shikamoo. Niwie radhi kwa kimya cha miezi tisa. Afya ninayo, amani sina.

Tangu Januari nimehamishiwa maabara inayochunguza mishipa ya fahamu. Mimi ni mpiga picha wao tu, lakini masikio ninayo. Mimi nilifundishwa kuangalia mfupa, na hakuna picha yangu hata moja inayoona maumivu. Ndani ya pingili unapita ugwe wa mishipa hiyo, mnene kama kidole chako kidogo. Habari ya kuumia ikifika pale haipandi moja kwa moja kichwani. Kuna chembe ndogo ndogo zinazoamua ipite kiasi gani. Mguso wa mkono nao huingilia pale pale, kwa mishipa yenye kasi zaidi, ukaziamsha chembe zinazoizuia. Mkono wako ulikuwa unapunguza maumivu kweli, Dada. Hukuwa unamdekeza.

Halafu kuna shina la ubongo, pale kisogoni ubongo unapoungana na ugwe. Kutoka pale hushuka amri: punguza, au ongeza. Siku ya bomba iliyoshuka ilikuwa punguza, kwa sababu palikuwa na hatari na mtu wa kuokoa. Mama hakuchagua, mwili ndio uliomfanyia. Lakini mtu anayeumwa huku ana hofu na haaminiwi, shina hilo hilo linaweza kumshushia amri ya kuongeza. Na maumivu yakigonga muda mrefu bila kutulizwa, ugwe wenyewe unazoea kuyakuza, hata kitu kidogo kikauma kama kikubwa. Mimi niliichukua siku ile ya bomba nikaigeuza ushahidi dhidi yake.

Nilikosea. Tafadhali, siku utakayopata barua hii, anza kumsugua tena.

Mdogo wako


2 Julai 2017

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Habari za Mama ziko hapa chini, kaa kwanza.

Barua yako imenikuta natoka hospitali. Mama aliteleza bafuni siku ya Jumatatu. Akainuka mwenyewe kwa kushika sinki la kunawia, akarudi kwenye kigoda, akaendelea na vifungo. Jumanne vifungo, Jumatano vifungo. Ijumaa ndipo nilipoona mguu wake umegeukia nje, nikamuuliza. Akasema hamna kitu. Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari aliniuliza mtu anakaaje siku nne na nyonga iliyovunjika bila kusema, akaniangalia kwa jicho ambalo sitalisahau.

Daktari alipoibandika picha ya nyonga kwenye taa, Mama aliomba ainuliwe aione. Akanyoosha kidole mpaka kwenye ule ufa. Akatabasamu, mdogo wangu, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Akaniambia:

"Sasa inaonekana. Mwandikie mdogo wako."

Basi nakuandikia.

Maelezo yako nimeyasoma mara tatu. Umekwenda mbali kote huko na kusoma miaka yote hiyo ili uje kuniambia kwamba anayeumwa husuguliwa. Nilikuwa nalijua hilo kwa kiganja. Nilikuwa nausikia mgongo wake ukilegea chini ya vidole vyangu, kila siku, pingili moja baada ya nyingine. Nimekukasirikia sana. Mwenyewe nimejikasirikia zaidi, maana nilijua, na bado nikakutii.

Dada yako


16 Julai 2017

Dada,

Shikamoo. Sikuulizi hali yako, naijua. Barua hii nimeiandika na kuichana mara nne. Ruhusa ya kuja nyumbani wamenipa ya Desemba, nimeomba hadi nikalia mbele ya mkubwa wangu, haikusaidia.

Msomee Mama maneno haya:

"Mama, mgongo wako ulikuwa unauma. Picha yangu haina uwezo wa kuona maumivu, nami nilijifanya inao. Nilikosea."

Kisha mwekee mkono mgongoni. Hata kuaminiwa tu kunaweza kushusha amri ile ya kupunguza. Usinisamehe kama huwezi, lakini mkono usimnyime.

Mdogo wako


9 Agosti 2017

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama yuko nyumbani, nyonga imetiwa chuma na anatembea kwa fremu ya kuegemea. Maumivu ya nyonga anayasema bila haya. Anamwambia muuguzi, anawaambia majirani, dawa ikichelewa dakika tano ananiita kwa jina langu la utotoni. Nyonga ina picha.

Maneno yako nilimsomea juzi baada ya chakula cha mchana. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Akaniomba nirudie pale uliposema umekosea, nikarudia. Akaiomba karatasi yenyewe, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Nikadhani tumepona.

Nikakaa nyuma yake, nikapasha viganja moto kwa mafuta, nikaingiza mkono chini ya blauzi. Mgongo ulikauka kama ubao. Nilipofika pale pake pa siku zote alishtuka, pumzi ikamkatika. Nikamuuliza, Mama, panauma? Alinituma nikamletee ile picha ya zamani chini ya godoro. Imekunjamana pembe na kuchubuka, inaelekea huwa anaitoa mara nyingi. Akaishikilia dirishani kama ulivyofanya wewe, akaikagua kuanzia shingoni, pingili kwa pingili, mpaka chini kabisa. Mimi nimesimama na mafuta yananichuruzika mikononi.

Akaishusha picha. Akaishusha na blauzi.

"Haionyeshi kitu, mwanangu. Nipe vifungo."

Nikampa.

Dada yako