Namba Kumi wa Kizota

Lameki, rafiki yangu,

Nimeanza kukuandikia nikasimama, nikafagia banda ambalo nilikuwa nimeshalifagia, nikarudi kukaa. Tangu tukuzike kwenu, njia ya Mtera, sijui kutulia. Nyumbani wananiambia nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nikikaa kidogo tu nakumbuka kitu cha kukuuliza, nageuka, hupo.

Banda letu la gemu liko palepale Kizota, katikati ya fundi mageti na mama wa chapati. Sasa naliendesha peke yangu. Bodaboda wanakuja wakikosa abiria, wanachuo wanakuja wakikimbia vipindi, na sheria yako haijabadilika: aliyefungwa anaachia pedi ya kuchezea, hata awe nani. Juzi kuna mtumishi mmoja wa ofisini, tai shingoni, kafungwa akataka marudiano palepale. Tukamwonyesha benchi.

Habari za muziki ni mbaya. Najua utabisha. Wewe ulikuwa unasema kila wimbo mpya ni mzuri ukifunguliwa sauti hadi mwisho, nami nakujibu kwamba hata geti la jirani likigongwa kwa nguvu litachezeka. Nyimbo za sasa zinaisha kabla hujajua huyu mtu kaachwa au kapendwa! Wote wanalia kwa sauti ileile iliyonyooshwa na kompyuta. Ukishindwa hoja ulikuwa unanitupia bibi yako: "Bibi anapiga muheme, ngoma tupu bila umeme, na watu wanaruka." Sasa hiyo ilikuwa hoja gani? Lakini kila asubuhi naziweka hizo nyimbo zako, zinaniudhi mmoja baada ya mwingine, na sizimi.

Gemu za bunduki bado nazikataa. Vijana wananibembeleza, wengine wananiita mshamba. Ulisema kujificha nyuma ya ukuta ukimsubiri mtu apite si mchezo, ni uoga wenye picha nzuri. Nadhani hapo tu ndipo tuliwahi kukubaliana. Humu ni mpira, basi.

Na mpira wenyewe ni ile timu yako. Ulishinda ukiitengeneza ndani ya gemu, mchezaji mmoja mmoja, ukawaandika watu wa mtaa. Fundi mageti beki wa kati. Mama wa chapati winga, kwa vile anavyowakimbiza mbuzi wa watu. Mimi golikipa mwenye kitambi, eti ndivyo nilivyo. Wewe mwenyewe namba kumi, mrefu kuliko ulivyokuwa, na nywele ambazo Mungu hakukupa. Kisha ukamnyamazisha yule mtangazaji wa Kizungu, ukatangaza mwenyewe kwa sauti ya kufika barabarani. Ulipoondoka, kila aliyekaa benchi akawa mtangazaji. Kutwa nzima ni Lameki, mpe Lameki, Lameki kafunga!

Na mama yako yuko nyuma yetu, Lameki. Ni bati moja tu, halafu uani kwake.

Hilo ndilo lililonikosesha raha. Mama anachambua mlenda wake, anafua, anasali, na sisi tunalipigia kelele jina la mtoto aliyemzika. Nikiwaambia wapunguze sauti wananywea, halafu unafunga bao wanasahau. Niliona ni ukatili. Basi asubuhi moja kabla sijafungua nikaingia kwenye timu, nikafuta jina lako, nikaandika Mchezaji. Nilichungulia mlangoni kwanza kama naiba. Nilijiambia nampumzisha mama. Labda nilikuwa najipumzisha mwenyewe, maana na mimi kila nikilisikia nageuka kukutafuta.

Jamaa walinuna kidogo, wakazoea. Ikawa mpe Kumi, Kumi kafunga. Nikajiona nina busara.

Jana mchana mama akaja. Hajawahi kukanyaga humu, unajua alivyokuwa akiita gemu kazi ya shetani isiyo na mshahara. Nikainuka, shikamoo mama, bodaboda wote wakasimama na pedi zao mkononi. Nilimfutia benchi, hakukaa. Alibaki mlangoni akiangalia runinga, vidole vina majani ya mlenda, akauliza taratibu kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa:

"Festo baba, mbona siku hizi Lameki hafungi?"

Nikasema ameumia goti. Ndivyo nilivyosema mbele ya watu wazima, Mungu anisamehe, na hakuna aliyecheka. Mama akaitikia kwa kichwa. "Akipona apangwe," akasema, akarudi uani kwake.

Kumbe alikuwa anakusikiliza. Miezi yote hii, mimi nikihangaika nitamfichaje jina lako, yeye alikuwa anahesabu mabao.

Nimekurudisha. Jina lako, namba yako, hata zile nywele za uongo. Leo umefunga bao la kichwa, wewe ambaye mpira wa kichwa uliuogopa maisha yako yote, na mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote hadi fundi mageti akaacha kazi kuja kuchungulia.

Pumzika, Lameki. Nakuahidi, maadamu bati hili limesimama, hakuna atakayekutoa uwanjani, na tutakuita kwa sauti ya kumfikia mama.

Golikipa wako,
Festo