Mtungi Ulikuwa Mmoja

Mpendwa mwanangu Debora,

Hukupata kuniita mama, lakini mama yako nimekuwa miaka yote hii. Nakaa Mandewa siku hizi, nimestaafu, miguu imechoka. Nataka uzisikie habari zako kutoka kwangu kabla nami sijaondoka.

Ulizaliwa wakati wa mvua, mwaka watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa. Baba yako alikuwa mwalimu, amepelekwa kufungua shule katika kijiji kipya. Mimi nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, na uchungu ulinishika palepale kazini, mimba ikiwa ya miezi saba, beseni mkononi. Walionipokea ni wenzangu: Sista Yunisi, mkuu wetu, Hadija, rafiki yangu wa Shelui, na Mama Raheli, mhudumu.

Walikulaza kwenye sanduku la mbao lililojazwa pamba, wakakuzungushia chupa za maji ya moto zilizovishwa vitambaa. Raheli hakuliacha jiko lipoe. Hadija alimaliza zamu yake akakataa kwenda nyumbani. Alikupitishia maziwa yangu kwa mpira mwembamba wa puani, tone kwa tone, na kwa kuwa ulibeba jina la bibi yako, alikutania: "Meza, bibi, meza. Usinichoshe mie." Ukapata kwikwi. Unakumbuka? Mwili wote uliruka, tukacheka sote wanne. Ndicho kicheko pekee tulichocheka nawe.

Kifua chako kilikuwa kikibonyea kila ulipovuta pumzi. Oksijeni ilikuwa mtungi mmoja tu, mingine ilikuwa kwenye lori lililokwama Kintinku, bonde limejaa maji. Kesho yake asubuhi akaletwa mtoto wa kiume, aliyetimiza miezi yake lakini amechelewa njiani wakati wa kuzaliwa, midomo ya buluu. Wakawagawia kwa zamu, wewe kidogo, yeye kidogo. Nyote wawili mkazidi kufifia.

Niliwaona watatu wale wakiingia chumba cha dawa na kurudisha mlango. Nilijua wanachozungumza. Mara ngapi nami nilikuwa nimesimama mle, nikizungumza juu ya watoto wa watu! Nikajiinua, nikajikokota nikiegemea ukuta, nikausukuma mlango. Hadija alikuwa analia.

"Najua mnachotaka kusema," nikawaambia.

"Basi usikiseme," Sista Yunisi akajibu. "Leo wewe si muuguzi. Neno hili halisemwi na mama."

"Lakini Sista, yule wa kiume ndiye mwenye nafasi kubwa ya..."

"Nyamaza, mwanangu. Rudi kitandani."

Raheli akanishika kiuno, akanirudisha. Hakuniambia Mungu ana makusudi yake, wala kwamba nitapata mwingine. Hayo ndiyo tuliyozoea kuwaambia wanawake wa wodi ile, na siku ile hakuna aliyethubutu kunipa.

Wakauhamisha mpira wa oksijeni kwa yule wa kiume. Hadija akakutoa sandukuni, akakuweka kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi. Yeye akapanda kitandani nyuma yangu ili niegemee kwake. Raheli akashika mguu wangu na wako pamoja. Sista Yunisi akakubatiza kwa maji ya kijiko. Ulipumua, ukapumzika, ukapumua. Ilipofika mchana, ukaacha kupumua.

Walikuosha wao. Sanda aliishona Hadija. Tulikuzika mvua ikinyesha, wao na sare zao, kwa kuwa njia ilimzuia baba yako. Maziwa yalipojaa, Hadija ndiye aliyenifunga kifua kwa kanga, kila asubuhi, hadi yakakauka.

Yule mtoto alipona. Siku ya kuruhusiwa nilikuwa nimesharudi kazini. Mama yake, ambaye hakujua lolote, akanijia akicheka: "Sista, mbebe basi umuage!" Mikono yangu ikakataa kuinuka. Hadija akapita mbele yangu, akampokea, akamrusha juu, akamtania hadi mlangoni.

Sasa nikuambie kilichonitesa. Nilitaka kujua ni nani kati yao aliyetamka kwanza kwamba mpira utolewe kwako. Nilimuuliza Sista Yunisi alipostaafu. "Sisi sote," akasema. Nilimuuliza Raheli akiwa mgonjwa wa kufa. "Sisi sote, mwanangu." Hadija nilimuuliza mwaka hadi mwaka, hata tulipogombana, hata tulipozeeka tukikaa jirani. Jibu lilikuwa lile lile. Mwezi uliopita naye tulimzika.

Nilikuwa natafuta mtu mmoja wa kumchukia, Debora. Walikataa kunipa.

Lala, mwanangu. Uchungu wangu haujapungua, ila sikuwahi kuubeba peke yangu.

Ni mimi,
Mama yako