Vijidudu Vyenye Mikono

Mpendwa dada Yustina,

Nakuandikia huku Paskali amelala mgongoni kwangu, maana nikimlaza kitandani anaamka analia. Anaharisha tangu Jumapili. Leo kumepungua kidogo, ila mimi macho yananiuma kwa kukosa usingizi, na hasira niliyonayo sina wa kumpa isipokuwa wewe ambaye hutajibu. Nisamehe, dada. Wewe ndiye uliyenijaza maneno kichwani, kisha homa ya ini ikakuchukua kule Dar nikabaki na maneno hayo peke yangu.

Unaikumbuka likizo yako ya mwisho? Ulishuka kwenye treni hapa Mpanda ukiwa mwekundu kwa vumbi, nikakucheka kwamba mtu wa maabara amerudi kama amechimbwa. Kesho yake tukaenda kung'oa karanga Misunkumilo. Tulipotoka shambani kanga zetu zilikuwa zimejaa kishonanguo, kile kimbegu cheusi kinachong'ang'ania nguo. Mimi nilitaka tuondoke hivyo hivyo, jua lilikuwa kali. Wewe ukakaa chini ukaanza kuvibandua kimoja kimoja, na hapo ndipo uliponieleza kazi yako kwa mara ya kwanza nikaielewa.

Ulisema kila chembe ya mwili wetu imevaa sukari kwa nje, sukari ya aina nyingi, haionekani hata kwa macho makali. Na kwamba baadhi ya vijidudu vinavyoharisha watoto vina protini kwa nje, kama mikono, kama miiba ya kishonanguo, ambazo kazi yake ni kuishika hiyo sukari. Vikishika utumbo, vinakaa na kuzaana. Visiposhika, vinapita na choo.

Nikakuambia, "Dada, dukani sukari yenyewe hakuna, sisi tunakunywa chai ya chumvi. Hivyo vidudu vinaipata wapi?"

Ulicheka mpaka ukajishika mbavu. Ukaniambia nisikufanye usahau ulichokuwa unasema. Ukaendelea kuwa hata mbegu za mimea zina protini za namna hiyo, kwamba kule maabara mnasaga aina fulani za mbegu, maji yake mkiyadondoshea damu ya mtu inagandamana, ya mwingine haigandamani, ndivyo mnavyojua damu hii si sawa na ile. Ukasema ipo siku, kwa kutazama kipi kinashika sukari ipi, mtu atapimwa na kuambiwa ugonjwa wake kabla haujamlaza. Ipo siku vijidudu vitapewa sukari nyingine vishike hiyo, vimwache mtoto.

Nikakuuliza siku gani.

"Wataalamu ndiyo kwanza wanaanza kuelewa," ukasema. "Lakini wapo wanaodhani maziwa ya mama yana sukari kama hizo tayari. Ukijaliwa mtoto akaharisha, usimwachishe. Umesikia? Usimwachishe."

Nilisikia. Tangu tulipokuwa wadogo kule Ugalla nilikuwa nakusikia wewe kuliko mama. Baba akirudi na masega, ulinipa mimi lenye asali, wewe ukatafuna nta ukisema ndiyo unayoipenda. Niliamini. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikajua kuwa hakuna mtoto anayependa nta.

Sasa sikia yaliyonipata. Baba Paskali alirudi kutoka kambini alikokuwa anarina asali, akakaa nyumbani, mtoto akaanza kuharisha. Wanawake wa kisimani hawakuhitaji ushahidi zaidi. Wakasema nimembemenda. Unajua wanavyosema huku kwetu: mama anayenyonyesha akilala na mumewe, maziwa yanachafuka, mtoto anaharisha na kukonda, na dawa yake ni kumwachisha ziwa siku hiyo hiyo na kumpeleka kwa bibi yake. Mmoja akaniuliza kama asali ya safari hii ilikuwa tamu sana. Wakacheka. Nilijitwika ndoo yangu nikaondoka.

Nilimpeleka zahanati. Mganga, kijana mpole tu, akasema kipimo cha kujua ni kijidudu gani hapa hakuna, na vidonge vimekwisha. Akanielekeza maji ya kuchemsha yenye chumvi na sukari kidogo, na nisiache kunyonyesha. Nikamuuliza kama wamepata ile dawa ya kuvizuia mikono.

"Mikono ya nani, mama?" Akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Hapo ndipo hasira yangu inapotoka, dada. Afadhali ungeniambia dawa ipo, ningemlaumu mwenye stoo, ningemlaumu dereva, ningemlaumu hata aliyeibeba akaiuza. Wewe umeniachia "ipo siku". Nimbandike mtoto ipo siku wapi? Akijikunja kwa tumbo naviona vile vimbegu vyeusi vimemjaa ndani, na mimi sina vidole vya kufika huko.

Leo asubuhi mama mkwe akaja, kanga ya kumbebea mtoto ipo begani. Hata kiti hakukitaka.

"Mlete mjukuu wangu," akasema. "Nyie vijana hamna subira, na anayelipa ni mtoto."

Nikapiga goti nikamwamkia. Nikamwambia, "Mama, mtoto simtoi. Na ziwa simnyimi."

Nikamweleza yote kama ulivyonieleza, vijidudu na sukari na maziwa, na kwamba mganga naye amesema ninyonyeshe. Nikamwambia hata mimi sina hakika ya yote, ila hili la maziwa sitaliacha. Nilitegemea anitukane, nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akaitandika ile kanga chini, akaikalia.

"Na wale wangu?" akaniuliza. Nikafikiri sijasikia vizuri. "Leonsi na wadogo zake. Kila aliyeanza kuharisha nilimwachisha siku hiyo hiyo. Alilia mpaka sauti ikaisha, mimi najipaka pilipili kwenye ziwa. Ndivyo nilivyoambiwa."

Baba Paskali ndiye pekee aliyebaki hai kati ya watoto wake. Yeye hakuwahi kuharisha akinyonya.

Dada, ulinifundisha mengi pale shambani, lakini cha kumjibu mwanamke huyu hukunifundisha. Nilimkalisha Paskali mapajani nikamnyonyesha mbele yake. Mpaka sasa hajaondoka. Yuko uani anatwanga karanga za kunitilia kwenye uji ili maziwa yatoke, na hanitazami usoni.

Lala salama, dada yangu. Paskali ameamka, anatafuta ziwa.

Mimi mdogo wako,
Mama Paskali